Vyeti vya Usalama wa Mtandao na Uthibitisho kwa Njia ya Majina

Utangulizi

Mji wa Arusha, ulio chini ya miteremko ya kusini ya Mlima Meru, ni lango la watalii waendao Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Siku hizi sehemu kubwa ya biashara hiyo haianzii mezani pa wakala, bali katika intaneti. Mgeni aliye Hamburg au Toronto hufungua ukurasa wa kampuni ya Arusha, husoma ratiba ya safari, hujaza jina lake na namba ya pasi yake, kisha hutuma malipo ya awali. Mgeni huyo hajaiona ofisi, wala hajamwona mwenye ofisi. Je, ni kitu gani kinachompa hakika kwamba ukurasa anaousoma unatoka kweli kwenye kompyuta ya kampuni ile, wala si kwa mwizi aliyejipenyeza katikati ya njia?

Kinachompa hakika hiyo ni hati ndogo iitwayo cheti cha usalama. Kikiwapo na kikiwa sahihi, kivinjari hufungua ukurasa bila kusema neno; kikikosekana, au kikiwa kimekwisha muda wake, kivinjari humwekea msomaji onyo kubwa kwamba mahali hapo si salama, na wageni wengi hurudi nyuma. Kampuni ambayo cheti chake chakwisha usiku wa Jumamosi mwezi wa Julai, wakati wageni ni wengi, yaweza kupoteza maombi mengi kabla ya mtu yeyote ofisini kujua sababu.

Kwa muda mrefu kazi ya kuomba na kubadilisha vyeti ilifanywa kwa mkono. Leo inafanywa na programu, bila mtu kuwapo. Makala haya yanaeleza jinsi programu hizo zinavyofanya kazi, hususan kwa njia ya Mfumo wa Majina ya Mtandao, na yanaonyesha jambo moja ambalo hapana budi lieleweke: kazi inapoachiwa mashine, dhamana haiondoki, bali huhama mahali. Anayetaka kuilinda ni lazima ajue imehamia wapi.

Cheti ni nini

Cheti cha aina hii ni hati ya kielektroniki yenye mambo makuu manne: jina la mtandao linalothibitishwa, ufunguo wa hadharani wa kompyuta yenye jina hilo, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na sahihi ya mamlaka iliyokitoa.

Msingi wake ni hisabati ya funguo mbili, ambayo Whitfield Diffie na Martin Hellman waliitangaza mwaka 1976. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliipatia mbinu ya kuitumia. Katika hisabati hiyo, ufunguo wa siri hubaki kwa mwenyewe, na ufunguo wa hadharani hupewa kila mtu. Jambo lililotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri laweza kukaguliwa na yeyote mwenye ule wa hadharani. Lakini kuupata ufunguo wa siri kwa kuutazama wa hadharani ni kazi izishindayo kompyuta za leo, maadamu funguo zina urefu wa kutosha.

Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitangaza itifaki ya kuitumia hisabati hiyo katika kurasa za mtandao. Itifaki hiyo ilifanyiwa marekebisho, na mwaka 1999 ikapewa jina la TLS ambalo latumika hadi leo. Toleo lake namba 1.3 lilikamilika mwaka 2018. Kila kivinjari huja kikiwa na orodha ya mamlaka za kutoa vyeti ambazo kinaziamini. Cheti kikiwa na sahihi ya mojawapo, hukubaliwa. Kisipokuwa nayo, hukataliwa.

Imani hiyo si ya milele. Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika mitambo ya DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500, kikiwamo cha jina la Google. Watengenezaji wa vivinjari waliiondoa DigiNotar katika orodha zao, na katika mwezi wa Septemba mwaka huohuo kampuni hiyo ilifilisika. Mamlaka isiyoaminiwa haina bidhaa ya kuuza.

Mfumo wa majina na mifereji ya Meru

Kompyuta hutambuana kwa namba, lakini binadamu hukumbuka majina. Hapo kale majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa California, na kila aliyehitaji alilinakili. Mtandao ulipokua, njia hiyo ilishindwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni Mfumo wa Majina ya Mtandao, ujulikanao kwa kifupi kama DNS, ambamo hakuna mtu mmoja anayetunza orodha nzima.

Mkulima wa miteremko ya Meru aweza kuuelewa mfumo huo bila maelezo mengi. Tangu enzi za mababu, Wameru na Waarusha wamechimba mifereji inayochukua maji ya mito itokayo msituni, kama Nduruma na Tengeru, na kuyafikisha mashambani. Juu kabisa pana banio ambapo maji huchepushwa kutoka mtoni. Mfereji mkuu hugawanyika katika matawi, na matawi katika vijitawi, na kila mahali pa mgawanyo pana wenye dhamana napo. Anayesimamia banio kuu hahitaji kujua kila shamba la chini; yatosha ajue tawi lipi limekabidhiwa kwa nani.

Ndivyo yalivyo majina. Ichukuliwe kwamba kampuni moja ya utalii ina jina mfano.co.tz. Jina hilo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Juu kabisa upo mzizi wa mfumo wote. Mzizi huo umekabidhi tawi la .tz kwa Tanzania; makabidhiano ya kwanza yaliandikwa mwaka 1995, na mwaka 2010 dhamana ya tawi hilo ilihamishiwa kwa tzNIC, kituo cha majina ya mtandao kilichoundwa nchini. Chini ya .tz yapo matawi ya shughuli mbalimbali: .co.tz kwa biashara, .ac.tz kwa vyuo, .go.tz kwa serikali, .sc.tz kwa shule. Chini ya .co.tz kampuni yetu ya mfano imekabidhiwa kijitawi chake, na yenyewe huamua nini kiandikwe humo. Sehemu hiyo iliyokabidhiwa huitwa kikoa.

Katika kikoa huandikwa rekodi za aina mbalimbali. Rekodi ya A hutaja namba ya kompyuta. Rekodi ya TXT hubeba maneno yoyote ambayo mwenye kikoa apenda kuyatangaza. Rekodi ya CNAME husema kwamba jina hili lafuata jina lingine. Rekodi mbili hizi za mwisho zina kazi kubwa katika maelezo yafuatayo.

Ikiwa mtu adai kwamba tawi fulani la mfereji liko chini yake, upo mtihani rahisi. Mkaguzi humwambia: "Kesho alfajiri funga banio la tawi lako kwa robo saa, kisha ulifungue." Mkaguzi husimama chini ya tawi na kutazama. Maji yakikatika na kurudi kwa wakati uliotajwa, amepata jibu. Lakini yafaa ikumbukwe tangu sasa kwamba mtihani huo unathibitisha jambo moja tu, yaani kwamba mkono wa mtu yule unafika kwenye banio. Hauthibitishi kwamba yeye ni mtu mwema, wala kwamba wazee walimkabidhi banio hilo kwa haki.

Kundi la kompyuta na kontena

Zamani ofisi ilikuwa na seva moja, na seva hiyo ilifanya kazi moja kwa miaka. Fundi alikisimika cheti kwa mkono, akaandika tarehe ya mwisho katika kalenda ya ukutani, na mwaka uliofuata akarudi. Mpangilio wa leo ni tofauti. Programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji katika kifurushi kiitwacho kontena. Jina hilo limetoka kwenye yale masanduku ya chuma yapakuliwayo katika bandari za Dar es Salaam na Tanga na kuletwa Arusha kwa malori. Kama vile lori halihitaji kujua kilichomo ndani ya sanduku, ndivyo kompyuta isivyohitaji kujua kilichomo ndani ya kontena ili kuliendesha.

Kompyuta kadhaa huunganishwa zikawa kundi moja, na kundi huongozwa na programu iamuayo kontena lipi liendeshwe wapi. Programu iliyoenea zaidi kwa kazi hiyo ni Kubernetes, neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014. Kompyuta moja ikizimika, kontena zilizokuwa juu yake huanzishwa upya juu ya nyingine. Kontena huzaliwa na kufa mara nyingi kwa siku; cheti kilichowekwa ndani yake kwa mkono hufa pamoja nalo.

Kwa sababu hiyo, katika kundi cheti hakiwekwi ndani ya kontena. Hutunzwa katika hazina ya siri ya kundi lenyewe, na kontena hukisoma humo. Kazi ya kukiomba na kukibadilisha hufanywa na kidhibiti, na kidhibiti kitumikacho sana ni cert-manager, kilichoanzishwa mwaka 2017 na kampuni ya Jetstack ya Uingereza.

Mwanafunzi wa fizikia atakitambua kidhibiti hicho mara moja, kwani kanuni yake ni ileile ya kidhibiti joto katika pasi ya umeme. Pasi imewekewa kiwango cha joto. Kifaa kilinganishacho hupima joto lililopo, na tofauti ikionekana, huwasha au huzima mkondo. Kadhalika cert-manager imeandikiwa hali inayotakiwa, kwa mfano: "jina mfano.co.tz liwe na cheti halali siku zote." Hulinganisha hali hiyo na hali iliyopo, na ikiona upungufu, huchukua hatua ya kuuondoa.

Hatua za uthibitisho

Mamlaka itumiwayo sana kwa kazi hii ni Let's Encrypt, inayoendeshwa na asasi isiyo ya faida ya Marekani, ambayo ilifungua milango yake kwa umma Desemba 2015 na hutoa vyeti bila malipo. Mazungumzo kati ya kidhibiti na mamlaka yanafuata itifaki iitwayo ACME, iliyowekwa kuwa kanuni ya kimataifa Machi 2019. Kwa njia ya majina, mambo huenda hivi:

1. Kidhibiti kina akaunti kwa mamlaka, na akaunti hiyo ina funguo zake mbili. Hupeleka ombi: "Nataka cheti cha mfano.co.tz."

2. Mamlaka hujibu kwa kutoa tokeni, yaani mfuatano wa herufi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ambao haujatumika kabla.

3. Kidhibiti huunganisha tokeni hiyo na alama ya ufunguo wa akaunti yake, kisha hupitisha maneno hayo katika algorithimu iitwayo SHA-256. Matokeo yake ni muhtasari wa biti 256, ambao huandikwa kwa herufi 43.

4. Kidhibiti huingia katika kikoa cha mfano.co.tz na kuandika rekodi ya TXT yenye herufi hizo 43, chini ya jina maalumu _acme-challenge.mfano.co.tz. Hapa ndipo banio linapofungwa.

5. Mamlaka huuliza mfumo wa majina, kwa kuanzia juu kwenye mzizi hadi chini kwenye kikoa, ikiisoma rekodi hiyo. Huuliza kutoka sehemu zaidi ya moja za dunia, ili mwizi aliyeteka njia moja asiweze kuidanganya.

6. Rekodi ikilingana na ilivyotarajiwa, kidhibiti hupeleka ufunguo mpya wa hadharani, na mamlaka huutia sahihi. Hicho ndicho cheti.

7. Kidhibiti huweka cheti katika hazina ya kundi na kuifuta rekodi ya TXT, kwani haina kazi tena.

Kazi nzima humalizika aghalabu kwa dakika chache, na sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja rekodi mpya ionekane katika seva zote za kikoa.

Mtu aweza kuuliza: je, mwizi hawezi kuibahatisha tokeni? Kanuni ya ACME inataka tokeni iwe na biti za nasibu zisizopungua 128. Idadi ya tokeni zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 128, yaani takriban 3.4 mara 10 kwa kipeo cha 38. Mtu ajaribuye tokeni bilioni moja kila sekunde angehitaji miaka ipatayo 10 kwa kipeo cha 22 ili azimalize. Aidha, hata akiijua tokeni, bado hana njia ya kuandika rekodi katika kikoa kisicho chake.

Sababu za kuchagua njia ya majina

Ipo njia nyingine ambamo mamlaka hubisha hodi kwenye seva yenyewe kwa mlango namba 80 na kutafuta faili fulani. Njia hiyo ni nyepesi, lakini inadai kwamba seva iweze kufikiwa kutoka popote duniani. Kompyuta za maabara ya hospitali au za ofisi ya matokeo ya mitihani hazifai kuachwa wazi namna hiyo. Kwa njia ya majina, seva yaweza kubaki nyuma ya ukuta wa ulinzi, kwani mamlaka haihitaji kuigusa. Yatosha kusoma rekodi.

Sababu ya pili ni cheti cha nyota, yaani cheti kimoja kinachofaa kwa majina yote ya ngazi ya chini ya kikoa, kama ratiba.mfano.co.tz na malipo.mfano.co.tz. Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti hivyo Machi 2018, na huvitoa kwa njia ya majina tu. Sharti hilo lina mantiki: adaiye tawi zima hana budi aonyeshe mamlaka juu ya tawi, si juu ya shamba moja.

Hesabu ya muda

Hapo awali cheti kiliweza kudumu kwa miaka. Kuanzia Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilikataa vyeti vipya vyenye muda unaozidi siku 398. Aprili 2025 baraza la pamoja la watoa vyeti na watengeneza vivinjari lilipitisha uamuzi wa kuupunguza muda huo kwa awamu: siku 200 kwa vyeti vitolewavyo kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Makusudio ni kwamba ufunguo ukiibwa, usimfae mwizi kwa muda mrefu.

Isipoelekezwa vingine, cert-manager hubadilisha cheti pale theluthi mbili za muda wake zinapopita. Cheti cha siku 90 hubadilishwa siku ya 60, na cha siku 47 hubadilishwa siku ya 31 hivi. Kwa mwaka mmoja, cheti cha kwanza hubadilishwa mara 6, na cha pili karibu mara 12. Ofisi yenye majina 20 itakuwa na mabadiliko yapatayo 240 kwa mwaka. Zamani ofisi hiyohiyo ilikuwa na mabadiliko 20 tu, na hata hayo yaliweza kusahauliwa. Hesabu hii yaonyesha kwamba kuitumia mashine si anasa. Muda mfupi wa vyeti haukubaliki kwa kazi ya mkono.

Theluthi moja inayobaki nayo ina faida. Umeme ukikatika, au njia ya mtandao ikiharibika, kidhibiti kinaweza kujaribu tena na tena kwa siku nyingi kabla ya cheti cha zamani kwisha. Hata hivyo, jambo moja dogo laweza kuharibu yote, nalo ni saa ya kompyuta. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika. Kompyuta hiyo hukiona cheti kipya kuwa hakijaanza kutumika, na hukikataa. Katika maabara nyingi za shule, onyo la usalama lisababishwalo na betri ya bei ndogo hudhaniwa kuwa ni kosa la mtandao.

Dhamana ilikohamia

Ili kidhibiti kiweze kuandika rekodi ya TXT, ni lazima kipewe ufunguo wa kuingia katika kikoa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Fundi wa zamani alipoomba cheti, aliingia katika kikoa yeye mwenyewe kwa nywila yake, kisha akatoka. Sasa ufunguo wa banio umeachwa ndani ya kundi usiku na mchana, mikononi mwa programu. Yeyote atakayelivamia kundi na kuuchukua ufunguo huo hatahitaji kuiba cheti. Atajitolea vyeti vyake mwenyewe, tena halali kabisa. Zaidi ya hayo, ikiwa ufunguo waruhusu kubadilisha kila rekodi, ataweza kuzielekeza barua pepe zote za kampuni kwenye kompyuta yake.

Hatari hiyo si ya kufikirika tu. Aprili 2019 watafiti wa Talos, idara ya usalama ya kampuni ya Cisco, walitoa taarifa ya mashambulizi waliyoyapa jina la Sea Turtle, yaliyoanza mwaka 2017. Asasi zisizopungua 40 katika nchi 13, nyingi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, zilikuwa zimeshambuliwa. Wavamizi hawakuvunja hisabati ya TLS. Waliingia kwa wasajili na watunzaji wa majina, wakabadilisha rekodi, kisha wakajipatia vyeti vya majina yasiyo yao. Mtumishi aliyefungua barua pepe zake hakuona onyo lolote, kwa kuwa cheti kilikuwa sahihi. Mkono wa mwizi ulikuwa umefika kwenye banio, na mtihani ukamkubali.

Zipo kinga zinazofaa kuwekwa pamoja, maana hakuna iliyo kamili peke yake.

Ya kwanza ni kutenga tawi la mtihani. Kwa rekodi ya CNAME, jina _acme-challenge.mfano.co.tz huelekezwa kwenye kikoa kingine kidogo kisicho na kazi yoyote ila hiyo. Kidhibiti hupewa ufunguo wa kikoa hicho kidogo tu. Ukiibwa, mwizi aweza bado kujitolea cheti, lakini hawezi kugeuza mkondo wa barua wala wa kurasa.

Ya pili ni rekodi ya CAA, ambamo mwenye kikoa hutaja mamlaka zinazoruhusiwa kumtolea vyeti. Tangu Septemba 2017 kila mamlaka hulazimika kuisoma rekodi hiyo kabla ya kutoa cheti.

Ya tatu ni kulinda akaunti ya msajili wa jina kwa nywila imara na uthibitisho wa pili, na kuhakikisha akaunti hiyo imeandikishwa kwa jina la kampuni. Fundi wa kupita akijiandikisha yeye mwenyewe, siku atakayoondoka ataondoka na banio.

Ya nne ni kufuatilia daftari za hadharani za vyeti. Tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome hudai kwamba kila cheti kipya kiwe kimeandikwa katika daftari hizo, ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma. Mwenye kampuni aonaye humo cheti ambacho kidhibiti chake hakukiomba, amepata habari za mwizi mapema.

Ya tano ni kengele. Kidhibiti kikishindwa kimyakimya, ofisi yaweza kugundua siku cheti kinapokwisha. Kwa hiyo programu nyingine, isiyo ndani ya kundi hilo, ipime siku zilizobaki na kumwarifu mtu mwenye jina na namba ya simu. Mashine imwangaliayo mwenziwe lazima mwisho wake iwe na binadamu.

Mambo ambayo cheti hakisemi

Kosa kubwa lililoenea ni kudhani kwamba ukurasa wenye cheti ni ukurasa wa mtu mwaminifu. Cheti kinachotolewa kwa njia iliyoelezwa hapa kinasema mambo mawili tu: kwamba mawasiliano yamefichwa, na kwamba aliye upande wa pili alikuwa na uwezo juu ya jina lile siku cheti kilipotolewa. Tapeli aweza kusajili jina linalofanana na la kampuni mashuhuri ya Arusha kwa tofauti ya herufi moja, akapata cheti kwa dakika chache, bila kuvunja kanuni yoyote ya ACME. Cheti chake kitakuwa halali, kwa kuwa jina lile la uongo ni lake kweli.

Cheti hakisemi kama kampuni ina leseni ya biashara ya utalii. Hakisemi kama ina magari, wala kama itampokea mgeni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Hayo yanachunguzwa kwa njia nyingine, na kazi ya kuyachunguza bado ni ya binadamu.

Hitimisho

Arusha na vitongoji vyake vina vyuo ambamo elimu hii yaweza kukuzwa: Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru. Lakini misingi yake si ya chuo kikuu pekee. Vipeo, mfumo wa biti, mrejesho wa kidhibiti na mpangilio wa ngazi ni mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari ana uwezo nayo.

Jambo la kushika ni hili. Mashine haisahau tarehe, wala haichoki kwa mabadiliko 240 ya mwaka. Lakini haijui nani anastahili kuwa na ufunguo wa banio. Wenye mifereji wajua tangu zamani kwamba anayetaka kulinda maji ya shamba huanza kwa kulinda mahali yanapogawanywa. Mwenye jina la mtandao naye aanzie hapo.

Kwa mwalimu

Uthibitisho huu waweza kuonyeshwa darasani bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja awe mamlaka, mmoja kidhibiti, na ubao wa matangazo wa darasa uwe kikoa, ukiwa na mtunzaji wake mwenye chaki. Mamlaka atoe namba ya siri kwa kidhibiti. Kidhibiti aigeuze kwa kanuni iliyokubaliwa na kumwomba mtunzaji aiandike ubaoni. Mamlaka asome ubao akiwa mlangoni na kutoa cheti cha karatasi. Kisha mwanafunzi wa nne apewe chaki bila mtunzaji kujua, na darasa lijadili kinachotokea.

Maswali

1. Eleza kwa nini muhtasari wa biti 256 huandikwa kwa herufi 43, ikiwa kila herufi huchaguliwa kati ya alama 64.

2. Shule ina majina 8 ya mtandao, yote yakiwa na vyeti vya siku 100 vinavyobadilishwa theluthi mbili za muda zinapopita. Kokotoa idadi ya mabadiliko kwa mwaka.

3. Cheti cha siku 47 kimeshindwa kubadilishwa kwa mara ya kwanza siku ya 31. Kengele ilie siku ya ngapi ili fundi awe na juma moja kamili la kurekebisha?

4. "Cheti halali ni dalili ya mfanyabiashara mwaminifu." Jadili usemi huu.

5. Mfano wa mfereji unafanana na mfumo wa majina katika mambo gani, nao unatofautiana nao katika mambo gani?